Mama amefariki: Ni kudra, ni uzembe, au vyote viwili?



Safu hii kwa kawaida huzungumzia maji ya kunywa, vyoo, minyoo ya watoto na kunawa mikono. Leo naomba tutoke kidogo katika hayo. Kuna suali limekaa kifuani mwangu kwa miaka kadhaa, nalo ni hili: mtu anapodhurika, na sababu za madhara yake zikawa nyingi, tutajuaje nani anawajibika?

Nitaeleza kwanza usiku mmoja. Ulikuwa msimu wa mvua, katika kituo kimoja cha afya huku Mbulu ambacho sitakitaja jina. Mwenye zamu nilikuwa mimi, pamoja na mkunga mmoja. Aliletwa mama mjamzito wa uzazi wa tano, amekaa kati ya dereva wa bodaboda na wifi yake, amelowa mwili mzima. Kadi yake ya kliniki ilionyesha kuwa damu yake ilikuwa 7, na mjamzito anatakiwa awe na 11 au zaidi. Alikuwa amepewa vidonge vya kuongeza damu. Alivimeza, lakini kila siku pamoja na chai ya rangi nzito, na chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Hakuna aliyemwambia.

Uchungu ulimwanza asubuhi. Mama mkwe alisema asubiriwe mumewe aliyekwenda mnadani. Mume alirudi magharibi. Bodaboda ilipatikana baada ya isha, na korongo lililoko njiani lilikuwa limejaa maji, wakangoja yapungue. Walifika kwetu kama saa nne usiku. Nasema "kama", na mbele nitaeleza kwa nini nasema hivyo.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Kondo la nyuma likachelewa kutoka, damu ikaanza kumwagika. Tulimchoma sindano ya oksitosini ya kukaza mfuko wa uzazi. Dawa hii inatakiwa kukaa katika ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na jokofu letu lilikuwa limezimika siku mbili kabla kwa kuisha gesi. Aliyejua hakuandika popote, na mimi niliyeingia zamu sikuuliza. Gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka mgonjwa mwingine. Lilipopatikana gari la mtu binafsi, safari ikaanza. Mama yule alifariki njiani kabla ya alfajiri.

Innaa lillaahi wainnaa ilayhi raajiuun.

Siku chache baada ya hitima mume alikuja kituoni. Hakuja na watu wala hakupaza sauti. Alikaa kwenye benchi mpaka wagonjwa walipokwisha, kisha akaniuliza: "Daktari, niambie kweli. Tulichelewa sisi au mlichelewa ninyi?"

Sikuwa na jibu. Sababu ya kukosa jibu ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Ile karatasi ya kufuatilia uchungu, patografu, ambayo inapaswa kujazwa kila hatua inapopita, niliijaza asubuhi, mama akiwa ameshafariki, kwa kukisia. Saa ya kufika, saa ya kujifungua, saa ya kuanza kutoka damu, saa ya sindano: zote nilizitoa kichwani mwangu, na kichwa cha mtu aliyekesha na mauti si daftari la kutegemewa.

Ndugu msomaji, nyumbani kwa marehemu maneno yalikuwa ya aina mbili. Wazee walisema ni kudra ya Mwenyezi Mungu. Vijana walisema hospitali imeua. Kila upande ulichukua sababu moja ukafunga mjadala.

Neno la kudra sina ugomvi nalo, ni sehemu ya imani yetu. Lakini kudra haikuletwa kufuta masuali. Wanafunzi wa madrasa wanaijua habari iliyopokewa na Jabir (r.a.) katika Sunan Abu Daud. Mtu mmoja alipasuliwa kichwa kwa jiwe akiwa safarini. Kisha akapatwa na janaba usingizini. Akawauliza wenzake kama anaweza kutayamamu. Wakamwambia hapana, maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) aliwalaumu vikali wale waliompa fatwa, akauhesabu mkono wao katika kifo kile, na akafundisha kuwa asiyejua dawa yake ni kuuliza.

Hebu tuitazame habari hii kwa jicho la tabibu. Sababu za kifo kile ni ngapi? Kuna jiwe. Kuna jeraha. Kuna maji. Kuna marehemu mwenyewe aliyekubali kuoga. Kuna wenzake waliojibu bila elimu. Mtume (s.a.w.) hakusema kuwa jiwe ndilo lilianza, basi wenzake hawana lao. Wala hakusema ni kudra tu, tuendelee na safari. Alimtafuta yule ambaye alikuwa na jukumu na akalikosea. Na angalieni jambo jingine: jeraha halikuwa udhuru wa wale waliojibu. Jeraha ndilo lililowapasa kuongeza tahadhari.

Jambo hili la mwisho linatuhusu sana sisi watu wa afya. Mara nyingi mama anapofariki husikia mtoa huduma akisema, "Huyu alikuja na damu kidogo, angekufa tu." Mimi mwenyewe nimewahi kulisema. Ni utetezi mbovu. Mama mwenye damu 7 akitokwa na damu ambayo mwenzake mwenye 12 angeistahimili, yeye hufa. Kwa hiyo damu ya 7 kwenye kadi ni amri: huyu asijifungulie mahali pasipo na damu ya kuongezwa, apewe rufaa mapema, jokofu likaguliwe kabla hajapanda kitandani. Udhaifu wa mgonjwa unamwongezea tabibu wajibu, haumpunguzii.

Sasa turudi kwenye suali letu. Wanafiqhi walitenganisha mubaashir, yaani mwenye kutenda kwa mkono wake, na mutasabbib, yaani mwenye kusababisha. Mtu akichimba shimo njiani pasipo haki na mpita njia akatumbukia, mchimbaji anawajibika ijapokuwa hakumgusa. Lakini mtu mwingine akija akamsukuma mpita njia kwa makusudi, dhima inahamia kwa msukumaji. Kuhusu tiba, imepokewa katika Abu Daud, Nasai na Ibn Majah kwamba anayejitia kutibu na hajulikani kuwa na ujuzi wa tiba hubeba dhamana ya madhara. Ama tabibu mwenye ujuzi, aliyepewa ruhusa na akafuata taratibu za fani yake, hadaiwi kwa sababu tu mgonjwa amekufa. Kwa maneno mengine, kifo peke yake si ushahidi wa kosa, na kosa peke yake si ushahidi kuwa ndilo lililoua.

Mahakama za serikali nazo zinakwenda karibu na hapo. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 inamtaka anayedai athibitishe, na katika madai kipimo ni lipi lenye uwezekano mkubwa zaidi. Mwenye kudai uzembe anatakiwa kuonyesha kuwa tabibu alikuwa na wajibu, kuwa aliukiuka, na kuwa kukiuka huko ndiko kulikoleta madhara. Mlima ni hili la tatu.

Wakati mwingine mlima ni mdogo. Wengi wanakumbuka tukio la Novemba 2007 katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ambapo wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walibadilishwa. Aliyepaswa kufanyiwa upasuaji wa goti alipasuliwa kichwa, na mwenye uvimbe kichwani akapasuliwa goti. Kwa yule wa kwanza, nani atauliza sababu? Aliingia na goti akatoka na jeraha la kichwa. Lakini yule wa pili, ambaye baadaye alifariki, suali lake ni gumu zaidi, kwani alikuwa tayari na maradhi yanayoweza kuua. Siku moja, hospitali moja, kosa moja, na bado hesabu za sababu si sawa.

Kwa kuwa sheria zetu zilipokea misingi ya Kiingereza tangu Julai 22, 1920, mawakili wetu husoma hukumu za huko kama mwongozo. Ziko tatu ambazo naona kila familia ingefaidika kuzijua.

Mwaka 1966 walinzi watatu wa usiku mjini London walikunywa chai, wakaanza kutapika. Walikwenda hospitali. Daktari wa zamu hakuwaona, aliagiza kwa simu waende nyumbani wakawaone madaktari wao. Mmoja alikufa, na ikagundulika kuwa chai ilikuwa na sumu ya aseniki. Mahakama ilisema wazi kuwa daktari yule alizembea. Lakini mjane hakulipwa, kwa sababu ilionekana kuwa hata kama mumewe angelazwa mara moja, dawa ya sumu ile isingeweza kumfikia kwa wakati. Kosa lilikuwapo, ila halikuua. Inauma, lakini ni uadilifu.

Ya pili ni ya Scotland, iliyoamuliwa na Baraza la Malodi mwaka 1956. Mfanyakazi wa kiwanda cha chuma aliugua mapafu kwa vumbi la silika. Vumbi lilitoka sehemu mbili: katika nyundo za upepo, ambazo wakati ule hapakuwa na njia ya kulizuia vumbi lake, na katika mashine za kusagia ambazo mabomba yake ya kufyonza vumbi yalikuwa yameachwa yakaziba. Mwajiri akasema: thibitisha kuwa ni vumbi la mashine zangu za kusagia lililokuuguza, si la nyundo. Nani awezaye kutenganisha vumbi lililokwisha kuingia kifuani? Malodi walisema si lazima. Inatosha kuonyesha kuwa vumbi la uzembe lilichangia ugonjwa kwa kiasi ambacho si cha kupuuzwa.

Hapa nawakumbuka vijana wetu wanaotoka huku kwenda Mererani kuchimba tanzanaiti na kurudi wakikohoa. Kijana anatoboa mwamba pakavu bila maji, anavuta sigara, anaugua kifua kikuu, na nyumbani amekulia katika moshi wa kuni. Vumbi lile la mwamba lenyewe huleta silikosisi, na mwenye silikosisi hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Familia huambiwa "ni sigara zake", ikanyamaza. Kumbe sigara haifuti vumbi. Kwa mwenye ajira rasmi, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi umekuwapo tangu 2015, na mbele ya mfuko huo huhitaji kuthibitisha uzembe wa mwajiri, bali kuwa ugonjwa umetokana na kazi. Tatizo ni kuwa wanaapolo wengi hawana hata karatasi moja yenye jina lao na la mwenye mgodi.

Ya tatu ni ya mtoto njiti aliyezaliwa Harlow, Essex, mwaka 1978. Alipewa oksijeni kupita kiasi kwa kosa la daktari, akapofuka. Oksijeni nyingi inaweza kupofusha mtoto njiti. Lakini yako maradhi mengine manne aliyokuwa nayo ambayo nayo huweza kupofusha. Mwaka 1988 Malodi waliamuru kesi isikilizwe upya: kuongeza sababu moja katika orodha ya sababu tano si kuthibitisha kuwa ndiyo hiyo.

Msomaji atauliza, tofauti ya ile ya vumbi na hii ni nini? Mimi naielewa hivi. Vumbi la mashine na la nyundo yaliingia kifua kimoja, yakafanya kazi moja kwa pamoja, kama mito miwili inayojaza bwawa moja. Kwa mtoto, kila sababu ilikuwa njia yake mbali, na hakuna aliyejua ni ipi iliyopitwa. Pa kwanza tunajua uzembe ulikuwamo ndani ya madhara. Pa pili tunajua tu kuwa ulikuwa jirani.

Ndugu zetu wa Hanang wameliona hili kwa ukubwa wa mlima. Maporomoko ya tope ya Desemba 3, 2023 yaliyoikumba Katesh na vijiji vya jirani yaliua watu zaidi ya 80. Siku zile za mwanzo kila mtu alikuwa na sababu yake moja: huyu volkano, yule mvua ya El Nino. Wataalamu wakaeleza kuwa si volkano, bali sehemu ya mlima iliyonyonya maji ilimeguka. Na tope likafuata mapito ya maji, ambako kuna watu walikuwa wamejenga. Mvua haina mashtaka. Lakini mvua kuwa kubwa hakuzuii kuuliza nani hugawa viwanja katika mapito ya maji, maana mvua nyingine itakuja.

Basi turudi kwa mama yetu, tumpime kwa mizani hii. Damu ya 7, kumsubiri mume, korongo, kondo kuchelewa, dawa iliyopoteza nguvu, gari. Ondoa moja kati ya hizi, inawezekana angeishi. Zote zilikuwa sababu. Lakini si zote ni kosa. Korongo halina dhima. Mama mkwe alifanya alichozoea, na sisi hatukuwa tumekwenda kijijini kwake kumfundisha. Kondo kuchelewa ni jambo la maumbile. Jokofu lilikuwa na mwenyewe. Kadi yenye 7 ilipita mikononi mwa watu waliosomea kuisoma. Na hizi mbili hazikuwa jirani wa kifo kile, zilikuwamo ndani yake, kwani upungufu wa damu na dawa isiyokaza mfuko wa uzazi vilikwenda bega kwa bega katika kutokwa damu kule kule kumoja. Hii ni rai yangu, na naiona ni kesi ya vumbi, si kesi ya mtoto njiti.

Tatizo ni kuithibitisha. Kama damu ilimwagika kwa nusu saa kabla ya gari kupatikana, dawa nzuri ingemwokoa. Kama alifika ameshapoteza damu nyingi njiani, pengine yetu ni ile kesi ya chai. Tofauti kati ya mawili haya ni dakika, na dakika zile nilizibuni asubuhi.

Kwa hiyo naomba familia za Kiislamu zisiache saa zipotee. Kadi ya kliniki isizikwe wala kuchomwa pamoja na nguo za marehemu. Karatasi ya rufaa ombeni nakala, au ipigeni picha kwa simu. Na simu yenyewe ni shahidi asiyesahau: saa mliyompigia dereva, saa mliyopiga 115 kuomba usafiri wa dharura wa mama mjamzito (ni bure), ujumbe wa fedha mliyomtumia mwenye bodaboda, zote zimo. Msizifute. Anayetaka kudai mahakamani ajue kuwa madai ya uzembe yana miaka 3 tu, na kama kituo ni cha serikali ni lazima kwanza itolewe notisi ya siku 90. Wengi huja baada ya mwaka wa nne. Asiyetaka mahakama anaweza kupeleka malalamiko Baraza la Madaktari Tanganyika, au Baraza la Uuguzi na Ukunga, na anaweza kuuliza kama kifo kilijadiliwa katika kikao cha mapitio ya vifo vya uzazi, kwani kila kifo cha mzazi kinapaswa kujadiliwa.

Kuhusu kuchunguza maiti, najua uzito wake kwetu, na najua tunavyopenda kuharakisha mazishi, jambo ambalo ni sunna. Hata hivyo Baraza la Fiqhi la Rabita huko Makka lilitoa uamuzi mwaka 1987 kuruhusu uchunguzi huo panapokuwa na dharura, ikiwamo kutafuta sababu ya kifo penye shaka ya jinai na kujua maradhi. Muulizeni shekhe wenu kabla ya kukataa. Mimi naona kuwa haki ya marehemu haiishii kwenye sanda.

Na ninyi wenzangu mnaovaa makoti meupe, msiogope saa. Daftari lililoandikwa kwa wakati limewaokoa matabibu wengi wasio na kosa kuliko wakili yeyote. Daftari lililojazwa asubuhi halimtetei mtu, hata aliyefanya kazi vizuri usiku kucha.

Yule bwana nilimjibu, ingawa si siku ile. Ilinichukua wiki mbili. Nilimwambia: mlichelewa ninyi, na tulichelewa sisi, na kuchelewa kwenu hakufuti kwetu. Nikamweleza habari ya jokofu, ambayo hakuwa anaijua, na nikamweleza kuwa saa zilizo kwenye karatasi si za kweli. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza kama naweza kuyaandika maneno yale.

Niliyaandika, nikatia tarehe na sahihi. Nakala moja anayo yeye, na nyingine niliipeleka kwenye kikao cha mapitio, iko katika faili la marehemu.